Ianze na chokaa

Mwalimu, umeuliza kama kozi mpya ya kemia ya mwaka wa kwanza hapo chuoni Malindi ianze na muundo wa atomi, kama ilivyo desturi, au ianze kwingine. Kwa maoni yangu, ianze na chokaa. Waulize wanafunzi kwa nini gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi, madini ya mawe ya chokaa, zikichomwa barabara hubaki gramu 56 tu za chokaa isiyozimwa, kisha waache wabishane kabla hujalitaja neno moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe. Gramu 44 zilizopotea ni kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ambayo chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji huivuta tena kutoka hewani, polepole, hadi ikawa ngumu kama jiwe ukutani. Humo mna moli, milinganyo na besi, yaani kinyume cha asidi. Atomi wataziulizia wenyewe.

Mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, yawe sura ya pili, kwa kuwa maji ya bahari yanapokaushwa na jua, jasi, madini ya kutengenezea plasta, hutangulia kuganda kabla ya chumvi ya kula, na hapo ndipo somo la umumunyifu, yaani kiasi cha kitu kinachoweza kuyeyuka majini, linapoeleweka. Mtihani unaweza kusubiri. Miwani ya kinga haiwezi: chokaa isiyozimwa hutoa joto kali ikikutana na maji.