Jangwani na Marafiki, Umri Ukiwa Umesogea

Kabla hamjachagua jangwa, kaeni chini mwambiane habari za miili yenu. Nani anatumia dawa ya presha, nani goti humuuma akiteremka, nani huamka usiku kwenda haja ndogo. Sisi ni marafiki wa miaka mingi na tulidhani tunajuana vya kutosha, lakini kikao hicho kilifichua mengi ambayo kila mmoja alikuwa akijisitiri nayo. Safari yetu yote tuliipanga kwa kufuata yale tuliyoyasikia siku ile.

Halafu msimu. Sahara na Wadi Rum ya Jordan huendeka vizuri kuanzia Novemba hadi Februari. Namib iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo miezi yake ya baridi ni Juni hadi Agosti. Msishawishike na bei nafuu ya miezi ya joto kali.

Suala la maji ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kadiri umri unavyokwenda, kiu huchelewa kuja, na figo hazihifadhi maji kama zamani. Juu ya hayo, hewa ya jangwani ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujalihisi, hivyo unaweza kupungukiwa maji na shati likiwa kavu kabisa. Sisi tuliwekeana zamu: mmoja anaangalia saa, kila baada ya muda anaita "maji!" na wote tunakunywa mafunda kadhaa, mwenye kiu na asiye na kiu. Kunywa maji matupu siku nzima hakutoshi, maana jasho huondoka na chumvi. Kuleni kitu chenye chumvi kidogo njiani. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo, au aliyewekewa kipimo cha maji kwa sababu ya moyo au figo, apange na daktari wake mapema. Na mwenye insulini aikinge na joto, kwa sababu huharibika.

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya kwenda na watu mnaofahamiana. Joto likianza kumzidi mtu, yeye mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Mcheshi hunyamaza, mpole huwa mkali, mwingine hujikwaa au hujibu kitu ambacho hakuulizwa. Rafiki yake wa miaka mingi huona mara moja. Msimame papo hapo, mtafute kivuli, mlowesheni maji na kumpepea, na kama amechanganyikiwa, iteni msaada bila kusubiri kuona kama atapata nafuu.

Kutembea kwenye mchanga laini hula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo msipime safari kwa kilomita mlizozizoea. Ondokeni alfajiri, na jua likianza kuwa kali muwe mmeshafika kivulini. Kwenye matuta, fuateni upande unaopigwa na upepo, maana mchanga wake umeshikamana. Fimbo mbili za kutembelea huokoa magoti wakati wa kuteremka. Anayekwenda polepole ndiye aongoze. Akiwekwa nyuma, kila akifika mapumzikoni wenzake wanakuwa wameshainuka kuondoka, naye hapumziki kamwe. Na anayetaka kupanda ngamia nusu ya njia apande, wala asionekane anadeka.

Msipige kambi kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake unavutia. Mvua iliyonyesha mbali huweza kuleta mafuriko mahali penye anga safi.

Usiku baridi huwa kali, basi bebeni nguo nzito na taa ya kichwani kwa ajili ya kutoka nje. Kung'uteni viatu asubuhi, nge hupenda kujificha humo. Lakini kabla ya kulala, zimeni taa zote mkae kama nusu saa, macho yazoee giza. Kilimia tulikiona kikiwa wazi hivi kwamba tulihesabu nyota zake kwa kubishana, na mazungumzo yaliyofuata sijawahi kuyapata sebuleni kwa yeyote kati yetu.

Watoto wenu watapinga. Wapeni ratiba, namba ya simu ya kiongozi, karatasi ya bima inayogharamia kutolewa jangwani mkiugua, na orodha ya dawa za kila mmoja. Wetu walipoyaona hayo yote mezani, maswali yao yaligeuka kuwa ya picha.