Cheti cha deni la kodi si hati ya nyumba

Kaka, unauliza kama ukinunua cheti cha deni la kodi kule Florida, Marekani, nyumba inakuwa yako. Hapana, hujanunua nyumba. Umelipa kodi ambayo mwenye nyumba hakuilipa kaunti, na sasa deni hilo linakuzalia riba. Mnada wa vyeti unaanzia riba ya asilimia 18 kwa mwaka, wanunuzi wanashindana kushusha. Anayekubali riba ndogo kabisa ndiye anayepata. Kwa hiyo ile 18 inayotangazwa usiihesabu kama yako.

Mwenye nyumba asipolipa deni, baada ya miaka 2 unaweza kuomba nyumba ipigwe mnada. Hata hapo mwingine akitoa dau kubwa ataichukua yeye, nawe utarudishiwa pesa zako na riba. Ukizembea, cheti kinakufa baada ya miaka 7. Na kagua kiwanja kwanza, tafadhali! Vingine ni kinamasi kitupu.

Kama wewe ndiye mdaiwa na nyumba imeuzwa, dai kinachobaki baada ya deni kukatwa. Bibi Geraldine Tyler wa jimbo la Minnesota alidaiwa takriban dola 15,000, nyumba ikauzwa 40,000, kaunti ikabaki na zote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki.