Nimenenepa, wife ananizidi kilo, mbona sukari imenipanda mimi?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni dereva wa lori, miaka 38, urefu sentimita 170. Kabla sijaanza safari ndefu nilikuwa na kilo 72, sasa hivi nagonga 88. Nyumbani wanasema nimenawiri, na mimi nilikuwa najua ni misuli maana zamani nilicheza sana mpira. Juzi nimepima sukari asubuhi sijala kitu ikasoma 6.4, nikaambiwa imepanda kidogo. Kinachonichanganya, wife ana kilo 91 na ya kwake iko poa kabisa. Hizi kilo 16 zangu zimeenda wapi? – Dereva, Morogoro

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo ya misuli hujakosea yote, mtu akinenepa hata bila mazoezi kuna sehemu ndogo ya hizo kilo, robo hivi, ambayo si mafuta, kwa sababu mwili mzito unahitaji nyama kidogo zaidi ya kuubeba. Ila zilizobaki ni mafuta, na hapo suala sio mafuta mangapi, ni yamekaa wapi.

Chini ya ngozi ndio ghala lake halali, mapaja, makalio, mikono. Ghala likijaa magunia yanaanza kupangwa sebuleni, yaani mafuta yanaenda kuzunguka utumbo, yanaingia kwenye ini, yanaingia hadi ndani ya misuli yenyewe. Na misuli ndio mteja mkubwa wa sukari ukishakula, sasa ikishajaa mafuta, insulini (homoni inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli) inagonga mlango haisikiki vizuri, kongosho inabidi itoe insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile, miaka inaenda mpaka inachoka. Ini nalo likinenepa linaendelea kumwaga sukari usiku kucha wakati wewe umelala, ndio maana unaamka hujala kitu na kipimo kinasoma 6.4. Hiyo bado sio kisukari, kuanzia 6.1 mpaka 6.9 tunasema iko njiani, ikifika 7 na ukirudia ikawa hivyohivyo ndio kisukari.

Shemeji yangu huyo bila shaka kilo zake ziko kwenye nyonga na mapaja, wanawake wengi wako hivyo na mafuta ya huko hayana fujo sana, ila asijisahau, hedhi ikishakoma yanaanza kuhamia tumboni. Hata wale wapiganaji wa sumo wa Japani, mtu ana kilo 150 lakini akiwa bado anafanya mazoezi mafuta yake mengi yako chini ya ngozi, akistaafu akaendelea kula vilevile ndio matatizo yanaanza.

Kwa hiyo mizani iache kwanza, chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani (wanaume tunapenda sana huo ujanja). Mwanaume akifika sentimita 94 na mwanamke 80 hatari imeanza, na wewe kwa urefu wako ingependeza usizidi 85.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ini na tumbo ndio yanawahi kutoka. Marekani kuna utafiti mkubwa ulitoka 2002, watu wenye sukari iliyopanda kama wewe walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, waliofikia kisukari wakapungua kwa asilimia 58. Kwako ni kama kilo 6 tu. Ila usijinyime kula ukakaa tu kwenye usukani, utapoteza na misuli, na msuli ukifanya kazi unavuta sukari hata bila kusubiri insulini. Ukisimama kwenye mizani ya malori barabarani au ukingoja mzigo shuka, tembea, chuchumaa na kuinuka mpaka mapaja yawake, soda za njiani badilisha na maji, chipsi mayai punguza chipsi ubakize mayai, na maharage au dagaa visikosekane.

Rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Ukianza kusikia kiu isiyoisha na kukojoa kila saa usisubiri hiyo miezi, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama lori lina mzigo.