Gundi ngumu ya kurudishia bawaba ya laptopu

Mkuu, umesema bawaba imeng'oka kwenye kava la plastiki, umepaka supagluu mara mbili na zote zimeachia baada ya siku chache. Achana nayo. Supagluu hushika vizuri pale vipande vinapobanana kabisa. Haijazi pengo, na ikikauka inakatika kirahisi, wakati bawaba inaikunja kila unapofungua kioo.

Tafuta epoksi, yaani gundi ya tyubu mbili unazochanganya, mfano Araldite. Kama unaweza kusubiri, chukua ile ya kukauka polepole kuliko ya dakika tano, maana kwa kawaida hushika zaidi. Chomoa betri kwanza. Kwaruza plastiki na chuma kwa msasa, kisha futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: gundi inashika vumbi na mafuta, haiifikii plastiki yenyewe. Changanya sawa kwa sawa, koroga dakika nzima, vaa glavu. Jaza kuzunguka vile vijinati vya shaba vya kwenye kava ambamo skrubu za bawaba huingia, na skrubu zipake mafuta ya mgando kidogo sana ili zisigandie humo. Iache saa 24 bila kuigusa, hata kama juu inaonekana imekauka.

Ila nakusihi, kabla ya kufunga tena legeza nati ya bawaba yenyewe. Bawaba iliyokaza kupita kiasi ndiyo mara nyingi inayong'oa kava, na hiyo epoksi nayo itaing'oa vilevile.