Kuhusu kununua shamba Same

Ndugu muulizaji, unataka kujua kwa nini Same, mkoani Kilimanjaro, ni kame ilhali milima ya Upare iliyo jirani hupata mvua nzuri, na kama ununue shamba huko kwa kutumaini kwamba hali itabadilika. Sababu kubwa ni milima yenyewe: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda miteremko ya mashariki, hupoa kadiri unavyopanda, mvuke wake hugeuka mawingu na mvua, kisha upepo huo hushuka upande wa magharibi, iliko Same, ukiwa umekauka na kuongezeka joto. Milima haihami, kwa hiyo usitarajie ukame huo utoweke.

Kinachobadilika ni bahari na angahewa. Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na mvua za vuli zikaleta mafuriko Afrika Mashariki. Lakini huo ni msimu mmoja tu, na tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Wakati huohuo gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, zinaipasha dunia joto, na udongo hukauka upesi zaidi.

Nakusihi uombe kwanza takwimu za mvua za miaka mingi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wala usilipie shamba lisilo na maji ya uhakika ya kumwagilia.