Moyo Dhaifu na Dawa ya Kupunguza Mapigo

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu ni mkulima wa korosho Newala. Hospitalini ameambiwa kuwa msuli wa moyo wake umedhoofika, akaandikiwa bisoprololi, dawa inayopunguza kasi ya mapigo. Moyo ulioishiwa nguvu unapunguziwaje tena? – Msomaji, Mikindani, Mtwara.

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako waliwahi kuwa nayo hata madaktari, ambao kwa miaka mingi waliwakataza wagonjwa wa aina hii dawa za kuzuia beta, kundi la bisoprololi linalozuia adrenalini isiusukume moyo, hadi mwaka 1999 majaribio makubwa ya bisoprololi na metoprololi yalipoonyesha kuwa zinapunguza vifo.

Adrenalini, homoni ya dharura, na noradrenalini, ndugu yake inayotolewa na neva, hunasa kwenye vipokezi vya beta-1, yaani protini za kupokea ujumbe zilizo juu ya seli ya moyo. Kipokezi huiamsha protini ya G, tarishi wake wa upande wa ndani, nayo huchochea kimeng'enya kinachotengeneza saikliki-AMP, kemikali inayosambaza ujumbe ndani ya seli. Saikliki-AMP huamsha kimeng'enya kiitwacho protini kinase A, ambacho hubandika fosfati kwenye milango ya kalsiamu, hivyo kalsiamu nyingi zaidi huingia na msuli hujikunja kwa nguvu. Kinase hiyo hiyo huifikia fosfolambani, protini inayoizuia pampu ya kurudisha kalsiamu kwenye ghala lake ndani ya seli. Kizuizi kikilegea, kalsiamu hurudi upesi na msuli hulegea upesi. Hatua hii ya pili husahaulika mno, ingawa moyo usiolegea vizuri haujai damu, na usiojaa hauna cha kusukuma.

Mpango huu umekusudiwa dharura. Moyo ukidhoofika, mwili huumwagia homoni hizo mchana na usiku, na moyo hufanya kama mtu anayepigiwa kelele kutwa: huziba masikio. Vipokezi hubandikwa fosfati, protini iitwayo arestini huvitenga na protini ya G, na vingine huvutwa ndani ya seli, hata idadi yake ikapungua sana. Wakati huo huo kalsiamu iliyozidi huvuruga mapigo, na baadhi ya seli hufa. Bisoprololi huvifunika vipokezi, ikaukinga msuli na msukumo huo usiokoma, na baada ya miezi kadhaa wagonjwa wengi husukuma damu vizuri zaidi kuliko awali.

Ndiyo maana dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, na huenda mzee akajisikia mchovu majuma ya mwanzo. Kama ana pumu, daktari ajulishwe. Kabla hajaenda kukaa shambani msimu wa korosho, hakikisheni amebeba vidonge vya kutosha, kwa kuwa kuiacha dawa hii ghafla huuacha moyo wazi mbele ya adrenalini yote kwa mara moja.