Jibu: Kikundi cha viraka, watu wanaficha kazi zao

Habari dada. Umesema wenzako hapo Dodoma wanashona mablanketi mazuri ya viraka vya vitenge, ila wanayaficha wakihofia kuigwa, na anayeonyesha anaambulia "hongera" basi.

Angalia kwanza mnaonyeshana nini. Kazi iliyokwisha haina cha kujadili. Kwetu tunaleta vipande kabla ya kuviunganisha, tunavipanga juu ya kanga, mwenye kazi anauliza swali moja tu, mfano: hii njano inaimeza bluu? Hapo midomo inafunguka, na wote wanashuhudia wazo limeanzia kwa nani.

Kuhusu kuigwa, chukueni chanzo kimoja wote. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, inatosha: wekundu wa udongo, watu warefu wembamba, wanyama. Hamtatoa kazi mbili zinazofanana, naamini kabisa. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, wamerithishana mitindo ya mablanketi ya viraka kwa vizazi wakitumia hata nguo kuukuu za kazi, na mkono wa kila mmoja bado unaonekana.

Picha pigeni kivulini, jua la mchana linapausha rangi. Anayesita msimlazimishe, mwambieni alete mabaki ya vitambaa tu.